Pensheni ya Mzee Polikarpo

Jumatatu, 10 Machi 2025

Kuanzia Kibamba mpaka Wazo hakuna anayejua ng'ombe kunizidi mie Kondo. Wenye digrii wanasoma miaka mitano. Mie natazama mkia tu, najua mnyama anawaza nini. Shule niliishia form two — walimu waliishiwa vya kunifundisha.

Mzee Polikarpo ananiita profesa. Anadhani ananikejeli. Kesho anakwenda msibani Mbagala, shemeji yake kafariki, ananiachia zizi peke yangu. Na Bishoo ana mimba yake ya kwanza, anazaa muda wowote. Mzee hatulii. Sababu naijua: Madam Eufrazia, mwenye ng'ombe, alimwahidi ndama jike wa kwanza wa Bishoo awe wake. Miaka sita ya kukata majani na kuzoa mavi, kiinua mgongo chake ndicho hicho. Akikua aende naye kwao Newala, akapumzike.

Kanishika bega kama mtoto. Akizaa tu, kabla hujafanya lolote, dang'a. Yale maziwa ya kwanza, mazito, ya njano. Lita mbili ndani ya saa mbili. Ndama anazaliwa hana kinga hata chembe, kinga yake yote iko mle. Nikamwambia, mzee, nenda kazike kwa amani, hapa kuna mtaalamu.

Jumatano, 12 Machi

Kazaa! Saa nne asubuhi. Nimemvuta miguu ya mbele mwenyewe, bila dokta. Jike. Mweusi, doa jeupe usoni. Kitovu nimekichovya dawa, mwili nimemkausha kwa gunia. Kazi safi, ya kulipwa dola.

Nilikuwa ndiyo nimemaliza kukamua — jagi moja tu, maana ndiyo uzao wake wa kwanza — Bi Najat wa jirani akachungulia ukutani na bakuli. Mwanae Naima nyuma yake. Kondo mwanangu, nasikia mmepata mgeni. Tangu mwezi uandame natamani dang'a ya kuchemsha, na sukari na iliki, nifuturu nayo. Naima akadakia: mama usimsumbue, huyo kibarua, mpaka aombe ruhusa.

Ruhusa? Mie? Nikamimina lote. Kumfuturisha mtu si ni thawabu? Jioni Bishoo atatoa mengine.

Jioni kayatoa kweli. Meupe, mepesi. Ndama kanywa, kalala. Maziwa ni maziwa.

Mzee kapiga simu kutoka msibani. Kanywa dang'a? Kanywa mpaka kabeua, nikamwambia. Nikaandika na kwenye ubao wa kumbukumbu bandani: lita mbili, saa nne na nusu. Mzee kacheka. Nyuma yake watu wanalia, yeye anacheka.

Ijumaa, 14 Machi

Mzee karudi. Kapitiliza bandani na viatu vyake vya msiba, hata chai hajanywa. Kampa ndama jina: Pensheni. Kaniletea korosho za kwao, ndugu zake walikuja nazo msibani. Profesa, kasema, leo nakuita hivyo bila utani.

Nimekula zote.

Naima kapita getini. Hata salamu. Nikamuuliza dang'a vipi, akasema mama kalalamika iliki ilizidi.

Jumapili, 16 Machi

Pensheni anaharisha. Mavi meupe, yananuka kama yai viza. Mzee kamchanganyia maji, chumvi na sukari, anamnywesha kwa chupa kidogo kidogo. Tangu alfajiri hajabanduka. Misa kaikosa.

Mie nasema ni mvua. Sakafu imelowa. Si nilisemaga bati linavuja? Madam hasikiagi la mtu. Banda analiona kwenye picha za simu tu.

Jumatatu, 17 Machi

Dokta Gozbert kaja na pikipiki yake. Macho ya ndama yamezama, masikio baridi. Ngozi akiivuta inabaki imesimama. Kamtundikia dripu kwenye msumari.

Swali lake la kwanza: dang'a alipata? Nikamwonyesha ubao. Akasoma, akatikisa kichwa. Basi ni uchafu, akasema. Ndoo za ndama anaosha nani?

Mzee akasema, mimi.

Madam alikuwepo, na miwani yake ya jua humo humo bandani. Polikarpo, umezeeka, akamwambia. Ndoo tu inakushinda. Huyu akifa, ahadi yetu imeishia hapo, usije ukanidai mwingine. Mbele yangu. Mbele ya dokta. Mzee akajibu, nimekusikia mama. Anamwita mama, na kwa umri mzee ndiye angeweza kumzaa.

Baadaye nimemkuta anaisugua ndoo kwa majivu. Nikamwambia, mzee, hiyo inang'aa, unaweza kunyolea ndevu. Labda kuna mahali sikuona, akasema. Macho yangu si ya zamani.

Nilimchukia. Mtu gani hajitetei? Nikaenda kukata majani, nikakata mara mbili ya siku zote, hakuna aliyeniambia asante.

Jumanne, 18 Machi

Pensheni hanyanyuki. Shingo kailaza pembeni. Mzee kamwekea paja lake awe mto.

Dokta kaja tena, kampima. Kisha akasema: huyu amekaa kama ndama asiyepata dang'a. Kama hakupata niambieni, nimtoe mama yake damu nimwongezee, lakini iwe sasa hivi. Kesho tutakuwa tunachimba shimo. Kama alipata, nitamtesa bure, tuendelee na dawa hii hii.

Akanitazama mie. Kabla sijafungua mdomo mzee akadakia. Alipata, daktari. Kijana huyu ana maneno mengi, lakini kwenye kazi hanidanganyi.

Nikainamisha kichwa kama vile nimekubali sifa.

Dokta anaosha buti zake bombani. Mie niko juu ya magunia ya pumba, naandika.

Kwenye friza ya Madam kuna chupa mbili za dang'a ya ng'ombe mwingine, zimegandishwa kwa ajili ya shida kama hii. Mzee alinionyesha kabla hajaenda Mbagala. Hilo sikuliandika humu. Siku ile Bishoo alipozaa, kabla hata ya adhana ya magharibi, nilifika mpaka mlango wa jikoni kwake. Muda ulikuwepo. Nikawaza, Madam ataniuliza ya Bishoo iko wapi. Nikageuza.

Siyo mvua. Siyo bati. Siyo ndoo ya mzee. Hata lile jagi la Bi Najat lilikuwa linarekebishika. Niliona aibu kusema sentensi moja, na mpaka sasa naiona.

Bomba limefungwa. Dokta anavaa helmeti. Mzee ananiita nikafungue geti.