Sufuria Zangu Mbili za Shaba

Shoga uko wapi? Niko njiani kumfuata mama mkwe nimpeleke hospitali.

Zile sufuria mbili za shaba nilizonunua kwa nusu bei, unazikumbuka? Ndani zilikuwa za kijivu, nikasema huu uchafu wa stoo. Nikazisugua kwa waya na ndimu siku mbili, mpaka zikawa nyekundu ndani na nje. Nikajiona mjanja!

Leo moja nimempelekea fundi anikazie mpini. Kachungulia ndani, kauliza, "Nani kakwangua humu?" Nikajibu kwa maringo, mimi.

"Dada, ule haukuwa uchafu. Ni bati, linapakwa ili shaba isiguse chakula. Ukipikia kitu kichachu humu unakula sumu."

Sumu! Kasema SUMU, shoga.

Mimi yangu sijaipikia bado. Ya pili ndiyo nilimpa mama mkwe. Nimeisugua kwa mikono yangu hii hii, nikaifunga na utepe. Anapikia mchuzi wa nyanya tangu Jumapili.

Na juzi kalalamika tumbo linamsokota. Unajua nilimwambia nini? Achemshe maji ya ndimu, anywe.

Nimempigia, nalia, "Mama, acha kupikia ile sufuria!" Wala hakunielewa. Sauti yake ndogo kama ya mtoto.

"Mwanangu, ndimu nachemsha asubuhi na jioni kama ulivyoniambia. Humo humo kwenye zawadi yako. Mbona sipati nafuu?"