Kofia ya Zena

Mama yangu,

Shikamoo. Huu mwaka wa pili tangu tukuzike, na kuna neno sikukwambia ukiwa hai.

Zena alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati. Daktari alitueleza mie na wewe: damu ilivuja kwenye ubongo, na maji yanaweza kujaa kichwani. Siku tunatoka wodini nesi akasema, "Mvisheni kofia. Ikianza kumbana tu, mleteni siku hiyo hiyo."

Ukanunua sweta ya mtumba Tandika, ukaifumua, ukamfumia kofia ya kijani. Mie nilikuwa ndani, sijatimiza arobaini, na kumwogesha mtoto ilikuwa kazi yako. Kila asubuhi nilikuuliza kama inambana. "Wee, kichwa cha mjukuu wangu nakijua mie. Kunywa uji." Nikanywa uji. Nilikuamini kuliko nesi.

Arobaini ilipotimia nikamwogesha mwenyewe. Utosi umevimba, mishipa imetokeza, macho yanatazama chini hayapandi. Hospitali daktari akauliza habari ya kofia. Nikasema haikubana hata siku moja. Ukainama, ukamjibu: "Nilikuwa naifumua na kuipanua, baba. Mzazi alikuwa hajapona, sikutaka alie."

Wakamwekea mpira wa kuyatoa maji, lakini tulishachelewa. Sasa ana miaka sita, hakai, haoni. Namgeuza ubavu huu, namgeuza ule, siku imekwisha. Sijatoka nje ya uwanja huu tangu Idi, ila kumpeleka kliniki. Juzi daktari aliniambia kuna wataalamu wanatafuta alama ndani ya maji yenyewe ya ubongo, zionyeshe hatari kabla kichwa hakijakua. Nikawaza, hizo nani angezificha? Kisha nikaona haya.

Majirani hapa Mtoni husema, "Bi mkubwa alikuwa na huruma yule." Naitikia, "Sana." Ni kweli, na ndiyo inayonifunga mdomo. Ungekuwa mkatili ningekulaani nikapumua. Baba yake Zena mpaka leo anajua kosa ni la nesi. Mie ndiye niliyemwambia hivyo, nikakuhifadhi.

Nimechoka, Mama. Nina hasira na wewe, na nimefungiwa nayo chumba kimoja. Sijakusamehe. Na ukitokea mlangoni sasa hivi nitakupa Zena umbebe, maana hakuna mwingine ninayeweza kumwachia nikalala.

Mungu akulaze pema. Nakuombea hilo hata siku za hasira.

Ni mie, binti yako