Mama Tirza wa Langoni: Mwaka Mmoja Bila Wewe

Mwaka mmoja umetimia leo, Mama, tangu ulipotuaga hapa Rehovot ukiwa na miaka sabini na sita, na bado hakuna aliyethubutu kuiondoa chupa yako ya kahawa pale dirishani jikoni.

Ulifundisha hesabu miaka thelathini na minne. Wenzako walipostaafu walijifunza kucheza karata. Wewe ulijiunga na akina mama wanaojitolea kusimama kwenye lango la ukaguzi la jeshi, wakiangalia jinsi vibarua wa Kipalestina wanavyopita kuja kazini upande wetu, na kuandika wanachokiona. Jumapili na Jumatano, saa tisa usiku ulikuwa umeshavaa. Baba aligeuka kitandani akinung'unika, "Unakwenda tena kuwahesabu watu ambao hawakukutuma?" Nawe ulimjibu, "Lala, Zalman. Mkate nimeufunika mezani."

Ulimpa mtu wa mwisho kwenye foleni kadi ya kijani, naye Pnina mwenzako akaipokea upande wa pili, mkajua mtu yule alitumia dakika ngapi. Askari mmoja kijana alikuambia, "Bibi, rudi nyuma ya mstari." Ukamwambia, "Niko nyuma ya mstari, mwanangu. Mstari wako ndio unaotembea." Ulipenda kutusimulia hilo, na kila uliposimulia askari alizidi kuwa mrefu.

Wanaume wa foleni walikuita Mama Amnon, kwa jina la kifungua mimba wako. Amnon alijivunia hilo kuliko alivyokubali.

Tutaje na kosa lako, maana hukupenda sifa za uongo. Asubuhi moja ya baridi ulipiga simu kwa wakubwa wa jeshi mpaka wakafungua lango la pili. Ulidhani umewasaidia. Kumbe wanaume wale walikuwa na orodha yao wenyewe, iliyoandikwa tangu usiku, nani atangulie na nani afuate. Lango la pili lilipofunguka, wa nyuma walikimbia, orodha ikavurugika, mzee mmoja akaanguka. Jawdat, fundi wa vigae, aliyekuwa wa saba, aliacha nafasi yake akamwinua. Alipotokea upande wa pili, gari la mkandarasi lilikuwa limeshaondoka. Mkandarasi akachukua fundi mwingine. Na kwa kuwa kibali cha Jawdat cha kuvuka kilitolewa kwa jina la mkandarasi yule, nacho kikafutwa.

Jumatano iliyofuata alikuja kwenye uzio akakuita.

"Mama Amnon, sisi tuna utaratibu wetu. Ungetuuliza kwanza."

"Nimekosea, fundi."

"Najua hukukusudia. Lakini nina watoto watano, na mikono yangu imekaa bure."

Wewe, ambaye nyumbani hukuwahi kukubali kosa hata la chumvi kwenye supu, ulirudi ukakaa na koti lako mwilini mpaka mchana. Kisha ukaanza. Miezi kumi na minne ulizunguka kwenye majengo yanayojengwa, na viatu vyako vya kizamani vya mwalimu, ukimtafutia mwajiri. Ulipompata, ofisi ya vibali ikarudisha karatasi mara tatu: kwanza picha, halafu muhuri, halafu tarehe. Hospitalini ulilala na faili lile juu ya blanketi, muuguzi akadhani ni wosia. Siku ya mwisho ulimwuliza binti yako Hedva jambo moja tu, "Wamejibu?" Hedva akasema bado. Hilo limemuuma mwaka mzima, Mama, na tunakuambia hapa kwa sababu hatuna mahali pengine pa kukuambia.

Walijibu siku ya tano ya matanga. Kibali kimetoka.

Jumapili iliyofuata Baba aliamka saa tisa bila kuamshwa. Alijifunga skafu yako nyekundu ya langoni, akaenda kusimama pale ulipozoea kusimama. Jawdat alipotoka langoni aliiona ile skafu, akamwendea moja kwa moja.

"Bila shaka wewe ni Baba Amnon."

"Ndimi."

"Pole sana, mzee wangu. Nipeleke kaburini kwanza nikamwombee dua. Kazi itangoja."

"Kazi haingoji," Baba akasema. "Gari lako lile pale, limeshawashwa. Ukilikosa tena, huyu mwanamke atafufuka aje anigombeze mimi."

Jawdat alicheka huku machozi yanamtoka. Alimshika Baba mkono kwa mikono yake miwili, akakimbilia gari. Baba alibaki amesimama mpaka likapotea barabarani, ndipo akalia, yeye ambaye makaburini hakutoa chozi. Siku hizi anakwenda na Pnina kila Jumapili, na analalamikia baridi njia nzima.

Leo saa tisa alasiri tutakuwa kaburini pako, kila mmoja na kijiwe chake cha kukuwekea juu ya kaburi, kama ilivyo desturi yetu. Unakumbukwa na mumeo Zalman, wanao Amnon na Hedva, wajukuu zako Yotam na Alma, dada yako Bracha, na Pnina wa kadi ya kijani. Hatutakusahau, Mama, maadamu tupo.

Jawdat anakusalimu sana. Hatakuwepo leo. Yuko kazini.