Kona Iliyonyanyuka

Chumbani kwangu,
Jumapili, asubuhi.

Kwako Dada,

Pokea salamu zangu, za heshima kwanza kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu, halafu za mapenzi kwa kuwa ndiwe uliyenibeba mgongoni hadi nikaanza kukuzidi urefu. Hamjambo huko? Miguu ya Mama imeacha kuvimba? Na yule kitinda mimba wako, bado anatafuna chaki? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini, na ukiniona barabarani utasema huyu mtu hana neno. Najua utashangaa kupata barua wakati simu unayo na mimi ninayo. Lakini kwenye simu, Dada, ukisikia tu nimetaja shemeji unakata. Mara mbili umenikatia. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, ila nakujua ulivyo mdadisi, utaisoma kwanza.

Nianze na kazi, maana kila siku huniuliza hasa tunafanya nini pale kiwandani, na mimi hukujibu kwamba tunachapa, basi. Leo nakueleza, na tafadhali usiruke, kwa sababu bila hili hutaelewa ya mbele. Mashine yetu si ya kuchapa vitabu. Inachapa kwenye kadibodi ngumu, zile za mabango yanayosimamishwa madukani. Ni meza ya chuma, pana kuliko kitanda cha Mama, na imejaa matundu madogo kama chekeche. Chini yake kuna pampu inayofyonza hewa. Ukilaza kadibodi juu, hewa inaivuta na inatulia tuli kama mtoto aliyekemewa. Kisha vichwa vya wino vinapita juu yake, vinakwenda na kurudi, na nafasi kati ya kichwa na kadibodi haizidi unene wa sarafu. Kadibodi ikinyanyuka hata kidogo, kichwa kinaigonga.

Sasa, kadibodi si kila mara inaenea meza nzima. Yale matundu yanayobaki wazi pembeni yanaendelea kufyonza, na upepo wake unayapeperusha matone ya wino kabla hayajatua. Herufi za pembeni zinatoka na ukungu, utadhani zimechapwa na mtu anayelia. Kwa hiyo lazima matundu yazibwe. Tunakata vipande vya kadibodi mbovu, tunavipanga kuzunguka ile nzuri, tunavibandika kwa tepu visiteleze. Kuziba ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza pale, kazi uliyonitafutia wewe kwa kumbembeleza mumeo miezi mitatu mpaka akaenda kunisemea kwa meneja.

Mumeo pale kazini tulimwita Mzee Kiganja, sijui kama aliwahi kukwambia. Hakuna kadibodi iliyochapwa kabla hajaipitishia kiganja, kona kwa kona, macho kayafumba. Vijana walimcheka, wakamuuliza kama anaibembeleza ilale. Yeye hujibu kwamba upepo ni kama umbea, ukiuachia tundu moja unachafua nyumba nzima. Alinifundisha kusikia pampu ikilalamika, kuhesabu matundu, kujua kadibodi iliyokula unyevu kwa kuishika tu. Hakunipigia kelele hata mara moja, na wewe unajua mimi ni mtu wa kupigiwa kelele.

Mwaka juzi, msimu wa mvua, tulipata kazi ya haraka. Kadibodi zilikuwa zimelala karibu na mlango, zimekula unyevu, kila moja imejipinda kidogo. Siku hiyo tepu ilikuwa imekwisha. Ya akiba ilikuwa stoo, na mtunza stoo, yule mwanamama wa kusaini karatasi tatu ndipo akupe kitu, alikuwa ameninunia tangu Jumatatu. Nikaona uvivu, Dada, huo ndio ukweli. Nikaokota kipande cha plastiki, kile kinachobaki ukibandua stika, laini kama ulimi. Nikakilaza juu ya matundu bila tepu. Nilijiambia hewa yenyewe itakishika.

Shemeji akaniuliza kama nimeziba kwa tepu. Nikamjibu ndiyo.

Akalaza kadibodi, akapitisha kiganja. Chini ya mkono wake ilikuwa imelala vizuri. Lakini plastiki ilikuwa imeteleza ikaingia chini ya kona, na pale chini hewa haikupita tena. Kona ile haikuwa imeshikwa na kitu. Vichwa vilipita mara ya kwanza salama, na mara ya pili. Ile mashine ina taa za kukaushia wino zinazofuatana na vichwa, na zina joto. Mara ya tatu kona ikapata joto la kutosha, ikanyanyuka. Mlio wake bado ninao masikioni, kama mtu anavunja mfupa wa kuku. Vichwa vinne, vyote vinne.

Shemeji aliruka kwenda kubonyeza kitufe cha kuzimia. Alipogeuka mgongo nikachomoa kile kipande nikakitia mfuko wa aproni. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikitia nguoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako, sasa pokea upande wetu. Alikaa saa sita nzima akijaribu kuviokoa vile vichwa kwa dawa ya kusafishia wino. Dawa ile, Dada, inanuka kama pombe kali, ukiivuta puani unahisi umepita mlango wa kilabu. Ilimmwagikia shati, suruali, mikono hadi viwiko. Alikuwa anapuliza mirija kwa mdomo ili ifunguke. Meneja alipofika akamnusa, akakumbuka habari zake za zamani, za kabla hamjapata watoto, ambazo kila mtu pale alizijua kwa sababu yeye mwenyewe hakuzificha. Akasema mbele yetu sote kwamba mtu ameacha kadibodi ikanyanyuka kwa sababu amelewa. Shemeji akajibu hajanywa. Akaulizwa basi ni nini kilichotokea. Akanitazama mimi, si usoni, akatazama mfuko wa aproni. Halafu akasema hajui. Akaambiwa asirudi kesho.

Akaja nyumbani kwako na shati lile lile. Ulimfungulia mlango, ukamwambia afungue mdomo, ukamnusa mbele ya watoto, ukamwita ulivyomwita. Sikulaumu. Miaka saba ulikuwa umeishi ukisubiri harufu ile irudi, na ilirudi. Lisemwalo lipo, ndivyo ulivyoniambia uliponipigia simu kesho yake asubuhi. Uliniuliza swali moja tu, kama shemeji anakunywa kazini.

Nilijua ile ni dawa ya wino. Hata mimi nilikuwa nanuka dawa hiyo siku hiyo hiyo. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili. Mimi mliyeniita Kasuku tangu sijaota meno kwa sababu sinyamazi, nikakujibu kwamba sijui. Sijui, Dada, ndivyo nilivyosema. Ukasema basi inatosha, ukakata simu, ukafungasha, ukachukua watoto ukaenda kwa Mama.

Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Nilijiambia nitasema nikishaajiriwa. Nikaajiriwa. Nikajiambia nitasema vichwa vipya vikishafungwa. Vikafungwa, na meneja akanipa mimi mashine, nafasi ya shemeji, kwa kuwa ndimi niliyefundishwa naye. Ulinipigia ukanipongeza, ukasema walau mmoja katika ukoo ameinuka. Nikasema asante. Yaani nilisema asante!

Sasa haya ya karibuni. Wiki tatu zilizopita mlinzi wa getini alikuja kuniambia kuna mtu ananiulizia, ila nisimkaribie sana. Nilitoka nikamkuta ameketi ukingoni mwa mtaro. Dada, nilimpita. Nilimpita nikimtafuta. Macho yamekuwa ya njano, tumbo limevimba, mikono imebaki vijiti. Alisema samahani kwa kunisumbua kazini. Hospitali walimpima siku mbili. Daktari alinieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema maneno hayo mara nyingi, kwamba ini halipo tena la kutibu, nikampumzishe nyumbani. Sikuwa na nyumbani kwingine. Yuko hapa chumbani, kwenye kitanda changu, mimi nalala kwenye mkeka.

Siku ya pili nilipiga magoti nikamwambia yote. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema alijua tangu siku ile. Aliuona mkono wangu ukitoka mfukoni. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema alidhani nitasema mwenyewe kesho yake nikishatulia, na kwamba kunitaja kungekuwa kuninyima ugali niliouonja miezi miwili tu. Alikaa nyumbani siku tatu akinisubiri. Ile nyumba tupu, mmeshaondoka. Siku ya nne akatoka akaenda kunywa. Aliniambia, na hakuwa na hasira, kwamba mtu akishafungwa kwa wizi ambao hakuufanya, anaweza kuona afadhali akaibe. Ndiyo glasi yake ya kwanza katika miaka saba. Siku uliyomnusa hakuwa amekunywa kitu, Dada, hata chai hakunywa, hakupata nafasi.

Nilikwenda kwa meneja Jumatano. Nilivaa nguo safi, nilijua nafukuzwa, na nilitaka nifukuzwe. Nikamweleza plastiki, tepu, mfuko, kila kitu. Akasema ile habari ilishafungwa, vichwa vile vilishasahauliwa, na yule mzee hata akirudishwa leo hawezi kusimama. Kisha akaniuliza kama mabango ya Alhamisi yatakuwa tayari. Nilitoka ofisini nikaenda nikayachapa. Yalitoka safi, pembeni hakuna ukungu hata kidogo. Nilitamani mtu anipige.

Alipokuwa bado na akili zake aliomba jambo moja. Hakusema urudi, wala hakusema umsamehe. Aliomba binti yenu wa kwanza aambiwe, kwa sababu alikuwa amesimama nyuma yako mlangoni na daftari la shule mkononi, akaona baba yake anafunguliwa mdomo kama punda sokoni. Anataka ajue kwamba siku ile baba yake alikuwa mzima. Nilimwahidi nitakuandikia. Niliahidi Jumatatu iliyopita, na nimeandika leo Jumapili. Unaona mwenyewe nilivyo, bado nachelewa.

Tangu Ijumaa hanitambui. Anapapasa shuka siku nzima, kona kwa kona, macho kafumba, anatafuta palipoinuka. Nami nazivuta zile kona nazichomeka chini ya godoro, maana akikuta mkunjo anahangaika. Jana adhuhuri alinishika mkono akaniita Mama Watoto. Hakuna mwingine anayemwita hivyo ila wewe. Sikujua nifanye nini, nikaitika. Akafungua mdomo, akausogeza kwangu, ninuse.

Nilinusa, Dada. Nilimwambia hanuki kitu. Alitikisa kichwa, akaomba ninuse tena. Nikanusa tena, nikamwambia tena. Mara nne tulifanya hivyo, ndipo akalala.

Sikuombi uje. Dereva atakayebeba barua hii anasema itakufikia Jumatano, na ukipanda gari siku hiyo hiyo hutafika hapa kabla ya Ijumaa, na daktari hakutaja siku. Hata ukimkuta, neno lako nimeshamwambia mimi kwa niaba yako, na yeye ameshalipokea. Maji yamemwagika, na aliyeyamwaga ndiye anayekuandikia. Usinipigie simu kunitukana, niandikie, ili nami nisiweze kukata.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha plastiki, urefu wa kiganja, kina mchubuko mweusi upande mmoja pale kichwa kilipopita. Nimekaa nacho miaka miwili. Mwonyeshe binti yako, mwambie hiki ndicho kilichokuwa kimelewa siku ile, na mama yake mdogo ndiye aliyekificha. Kisha mkitupe, au mkitunze, mtakavyoona.

Msalimie Mama, ila usimsomee barua hii yote, mwambie tu kwamba mkwe wake anaumwa na yuko kwa mtu wake. Wasalimie watoto kila mmoja. Wa mwisho mwambie aache chaki. Baba yao hawezi kuwasalimia kwa mdomo wake tena, kwa hiyo salamu zake ninawatumia mimi, na safari hii nazifikisha kama zilivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku.