Kwa Kabula, Uliyemsomea Baba Yako

Mpendwa mwanangu Kabula,

Sikukuzaa, lakini najua hutakataa nikikuita hivyo. Jumamosi iliyopita ukumbi wa kanisa ulijaa watoto mpaka wengine wakakaa mlangoni. Nikajikuta natazama pale ulipopenda kukaa, kwenye kona ya dirisha, miguu umeifunika kwa kanga ya shangazi yako kwa sababu ya baridi yetu ya hapa Mpemba ambayo hukuizoea.

Nakumbuka siku shangazi alipokuleta. Ulikuwa umetoka kule bondeni Momba, kwenye ng'ombe wa baba yako, ili uishi kwake usome. Alisimama mbele ya cherehani yangu akasema, "Mama Upendo, huyu mtoto haongei. Hebu mchukue huko kwenye vitabu vyenu."

Nikamwambia sisi si walimu. Ni majirani tu tuliokusanya vitabu majumbani, Jumamosi tunasoma na watoto.

"Basi akae tu," akasema.

Ukakaa. Siku ya kwanza uliposimama kusoma ulitamka "malafiki", wenzako wakaangua kicheko. Ulikifunga kitabu taratibu, ukakirudisha mezani. Niliwagombeza, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Tangu hapo hukusoma tena kwa sauti. Nilikuwa nakuona ukisogeza midomo tu, malori yakinguruma barabarani kwenda mpakani, wewe huyasikii. Sikukulazimisha. Nilichukua kitabu changu nikaja kukaa karibu yako, tukawa tunasoma hivyo hivyo, kimyakimya. Siku moja ulinivuta mkono ukanionyesha kitabuni picha ya fisi aliyenasa kwenye dirisha la jiko, ukacheka mpaka machozi. Nilirudi nyumbani nimefurahi utadhani nimepewa kazi ya kushona sare za shule nzima.

Halafu baba yako akaja. Aliingia ukumbini na fimbo yake mkononi, watoto wote wakamgeukia.

"Shikamoo, baba," ukamwamkia.

"Marahaba. Nimeambiwa huku ndiko unakochezea."

"Sichezi, baba. Nasoma."

"Soma nisikie."

Nilitaka kumwambia huwa husomi mbele za watu, lakini ulikuwa umeshasimama. Ulianza kwa sauti ndogo. Kuna neno lilikukwama, ukarudi nyuma, ukalivuka. Hakuna aliyecheka, mpaka ulipofika kwa yule fisi, na aliyecheka alikuwa baba yako. Alicheka huku ameegemea fimbo.

"Rudia hapo," akakuambia. Ukarudia, mara hii kwa sauti kubwa.

Nilidhani tumeshinda. Lakini ulipomaliza alinigeukia akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mama yake amejifungua, hana wa kumsaidia. Nimekuja kumchukua."

"Na shule, Baba Kabula?"

"Huko nako shule ipo. Ni mbali, lakini ipo."

"Utampeleka?"

"Nitajaribu. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Nilikufungia vitabu kwenye kipande cha kitenge. Hukulia. Mimi ndiye niliyelia, mlipokwisha kukata kona.

Nitakwambia ukweli, nilimkasirikia baba yako muda mrefu. Jumamosi nilikuwa naenda ukumbini miguu mizito. Watoto wetu huja wakaondoka: huyu kafuata wazazi kuchuma kahawa Iyula, yule kahamia ng'ambo ya mpaka kwa ndugu zake. Nilijiuliza tunamfundisha nani, ikiwa kila anayeanza kupenda kitabu anachukuliwa.

Juzi nikiwa nashona, simu ikaita. Namba siijui.

"Mwalimu, mimi baba yake Kabula. Ongea na mtu wako."

Nikasikia sauti yako, kubwa, haina woga, na ng'ombe wanalia nyuma yako. Ukanieleza kwamba umeandikishwa, unatembea na watoto wa jirani, na vitabu vyote umeshavimaliza. Nilitaka kukuuliza mambo mengi, ukanikatisha.

"Mama Upendo, mama anataka kitabu cha a, e, i, o, u. Jioni akimnyonyesha mtoto ananiambia nimwonyeshe herufi. Ameshajua kuandika jina lake. Mnacho?"

Nilitoa miguu kwenye pedali ya cherehani, nikakuambia nitawauliza wenzangu.

Tunacho, mwanangu. Wenzangu nimewaambia, tumekitafuta tukakipata, na kingine cha hadithi kwa ajili yako. Kuna fuso linashuka huko bondeni, Kamsamba, kufuata mpunga, dereva amekubali kutubebea. Hasira yangu kwa baba yako imekwisha. Mpe salamu zangu. Mdogo wako mbusu shavuni. Na mama mwambie akishindwa herufi moja asione aibu, apumzike, kesho aanze tena.

Nakukumbatia kwa mbali,

Mama yako wa Jumamosi,
Mpemba.