Gari la Kumlaza Donatus

Jumamosi, 1 Novemba 1997

Donatus bado amelala. Tumemlaza juu ya mlango wa banda la jiko – tuliung'oa, kambini hakuna kitanda kigumu. Tabibu wa zahanati kaja tena kumtazama. Anasema pingili ya mgongo imepasuka lakini haijahama. Alale kama ubao mpaka hospitali kubwa ya Mwanza. Akikalishwa itahama, na hapo miguu basi. Kwa sasa vidole vya miguu vinasikia. Nimevifinya mwenyewe, akanitukana kwa Kiha. Nimefurahi kutukanwa.

Gari la wagonjwa lilikwenda vijijini, sasa liko ng'ambo ya daraja lililochukuliwa na maji. Lori, tabibu amekataza. Mashimo ya barabara yatamaliza kazi iliyoanzwa na jiwe.

Jioni Bujiku kaja, kavua kofia. Yeye ndiye mwenye duara, shimo letu la dhahabu. Anakwenda Shinyanga kununua gari, na safari yake ya kwanza itakuwa ya Donatus. Kaapa. Ni mtu wa kulia upesi, na kweli kalia. Sikumwambia lililo moyoni. Miti ya kushikilia mwamba ilioza tangu Juni, na pesa ya miti ilikuwa inangoja gari.

Jumatatu, 3 Novemba

Shinyanga. Lori la mahindi, Bujiku na mkewe Mama Lusia mbele na binti yao mdogo, mimi juu ya magunia. Kila likinasa nashuka kusukuma. Tope mpaka mapajani.

Amenichukua mimi kwa sababu sina ndugu huku wa kupanga naye wizi. Kasema mbele yangu, wala si kwa ubaya. Ni kweli. Kasulu ni mbali. Ndugu yangu ni yule niliyemwachia Enock mpishi amlishe uji kwa kijiko.

Jumanne, 4 Novemba

Magari mawili, yote kwa Mohsin, nyuma ya duka lake la vipuri.

La kwanza Landkruza jeupe, limetumika. Lilikuwa la wazungu wa misaada kule Ngara mpaka wakimbizi walipoondoka. Refu. Nyuma lina mabenchi mawili yanayotazamana, katikati sakafu tupu. Nimeipima kwa macho. Donatus anaenea, na mimi nakaa pembeni nimemshika.

La pili Pajero, jipya. Viti vyote vinatazama mbele, vya kitambaa, nailoni haijabanduliwa. Lina kiyoyozi. Mama Lusia kaingia, kafunga mlango, kakaa peke yake kimya. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kukomunika.

Bujiku alikuwa anaegemea jeupe. Kasema kila fundi analijua, na lile jingine atakuwa analiosha tu.

– Baba Lusia, mimi nimezaa watoto wanne, sikuzaa magunia.

– Na likinasa topeni hilo zuri lako?

– Si una Muha wako wa kusukuma.

Wakacheka, nami nikacheka. Bujiku kapiga bodi ya Landkruza kwa kiganja kama anapiga ng'ombe anayemtaka. Nikajua tayari.

Basi nikafungua mdomo. Nikamuuliza Mohsin, huku nyuma mtu anaweza kulala? Nilitaka Bujiku asikie jibu, asisahau kiapo. Mohsin kadhani nimempa nafasi ya kusifia mali. Kulala? Wakati ule wa kuhara kambini lilibeba wanne wanne, wamepangwa kama kuni, wazima na waliokwisha kufa. Halikuzimika hata siku moja!

Mama Lusia kauvuta mkono wa mtoto uliokuwa kwenye benchi. Kaufuta kwa khanga, kidole kimoja kimoja. Mohsin kaona. Limeoshwa, mama, limeoshwa kwa dawa. Ndiyo kaharibu kabisa.

Wamechukua Pajero. Ningenyamaza wangechukua jeupe.

Alhamisi, 6 Novemba

Didia, kwa mama yake Bujiku. Gari lazima alione. Mbuzi kachinjwa. Bibi kalizunguka akinyunyiza maji na unga, majirani nyuma yake. Mimi mawazo yangu yako Geita, kambini kwa Donatus. Nyama sikuisikia ladha.

Bujiku hakumficha mama yake. Kamweleza habari za Donatus tangu mwanzo. Bibi kajibu kwa Kisukuma, Bujiku kanitafsiria akitazama pembeni: gari jipya halianzi na mtu aliyelala. Likianza hivyo litazoea. Kwanza lipakie watoto wa nyumba, wote wanne, waliokaa, kwenda mbali na kurudi. Baada ya hapo limbebe yeyote.

Nimeuliza, si uwazungushe pale Geita mjini, iwe ndiyo safari? Kasema, Muha, mtu hamdanganyi mama yake kwa kuzunguka soko.

– Bosi, uliapa.

– Niliapa. Na huyu ni mayu wangu. Wewe ungefanyaje?

Mama yangu angesema vile, ningetii.

Jumamosi, 8 Novemba

Geita. Donatus kapungua. Ana homa. Mgongoni kuna kidonda cha kulalia, kinanuka.

Kauliza gari gani. Zuri, nimemwambia. Refu? Nikasema lina kiyoyozi. Kanitazama sana, kisha kafumba macho.

Jumapili, 9 Novemba

Asubuhi nimeinama kumfinya vidole. Kabla sijamgusa kasema, nasikia, acha.

Gari limekuja baada ya uji. Watoto wote wanne ndani, nguo za kanisani. Wanakwenda Mwanza, ndiyo safari yao. Bujiku kashuka kwenye mvua bila kofia. Kasema ametafuta njia na hii ndiyo aliyoipata. Donatus akikaa ni abiria, anaondoka naye sasa hivi, na mimi nimshike. Akitaka kulala, basi amngoje arudi. Arudi lini? Kivuko kina foleni ya malori, na mvua hii hakuna anayeijua. Pengine siku mbili. Pengine wiki, na madaraja yanazidi kwenda.

Nimeuliza kama kiti kinalazwa. Kinalala nusu. Bujiku kamtazama mkewe. Mama Lusia si mtu mbaya. Kaleta chupa ya chai, kaleta mto mpya wa kumwekea kiunoni. Lakini kasema polepole, Baba Lusia, nusu ya kulala ni kulala, na hawa ni watoto wangu. Bujiku katazama chini.

Nimemtuma Enock kwa tabibu, kakimbia. Jibu: asikalishwe. Na asicheleweshwe, kidonda kimeingia ndani. Yote mawili. Enock kamuuliza lipi kwanza, kajibu yote mawili.

Ukuta wa banda ni matete, Donatus kasikia kila neno. Nilipoingia kasema, nikalishe.

– Tabibu amekataza.

– Tabibu ana miguu yake. Nishike kwapani. Usivute haraka.

– Tumngoje Bujiku arudi.

– Wewe ndiye utakayengoja. Mimi nitakuwa nimeoza.

Nikasema naomba kidogo, nikatoka. Nimekaa kwenye debe chini ya paa, naandika. Nikimwinua mfupa ukahama, ni mimi nimemwinua. Nikimwacha, ni mimi nimemwacha. Mkewe Kasulu ataniuliza mimi, hatamuuliza Bujiku.

Bujiku kawasha injini. Kaizima. Kaiwasha tena. Watoto wamefuta mvuke kwenye kioo, wananitazama.

Ndani Donatus anahesabu kwa sauti, vile tunavyohesabu shimoni tukitaka kuinua jiwe wawili. Moja. Mbili. Kafika mbili, kanyamaza. Ananingoja.