Bunduki Niliyoipima Tupu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za kitandani, maana sasa hata kiti kimenishinda. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, bado anakugombeza kwa sigara? Mimi pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kuandikia tu, tena kwa vituo. Binti yangu kanifichia kalamu mara mbili, ati nipumzike. Nimemwambia nitapumzika sana karibuni, asiwe na haraka.

Nakuandikia kwa sababu umeniudhi. Ulipokuja kunitazama Jumapili ulirudia yale yale, safari hii mbele ya muuguzi: kwamba bunduki haikuwa nzito, ni uvivu wako uliompotezea mwenzako mguu. Miaka thelathini na moja unaomba radhi, harusini, msibani, hata kwa watu wasiokuuliza! Nimechoka. Leo nisikilize wewe.

Bunduki mpya za nusu otomatiki zilipofika, ninyi askari wa wanyamapori mlifurahi kama watoto. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kuzipima ghalani. Niliandika kilo nne, na mkuu akanisifu. Lakini niliipima tupu, haina risasi, haina magazini, haina hata mkanda. Vitabuni walipima hivyo, nami nilikuwa mtu wa vitabu. Ninyi mkaibeba imejaa, na magazini nyingine tatu kiunoni, siku kumi porini. Uzito ulielemea mbele, kwenye mtutu, mkono wa kushoto ukafa ganzi kabla ya saa nne asubuhi. Mliponung'unika, sisi wa ofisini tuliwacheka, tukauliza kama mnataka na wapagazi.

Basi mkaanza kuzifunga kwenye mabegi, mgongoni. Kanuni ilikataza, na kila mtu alifanya. Halafu nyati akatoka kichakani, ukawa unahangaika na vifundo huku mwenzako anakanyagwa. Kamati ya uchunguzi ilipouliza kama silaha ilikuwa nzito mno, nilisimama nikasoma karatasi yangu: kilo nne. Ukafukuzwa kazi.

Sasa sikia usilolijua. Miezi miwili kabla ya siku ile uliandika barua ya malalamiko. Ulisema mkanda unakata bega, ukaomba mkanda mpana na magazini fupi, ukaonya kwamba watu wanafunga silaha mabegini na ipo siku ataumia mtu. Ulidhani mkuu aliipuuza. Haikumfikia. Ilipita mezani kwangu. Nilirudi ghalani nikaipima bunduki ikiwa kamili: kilo tano na robo. Kukiri kungenifanya kichekesho mbele ya watu walioniita Mizani kwa sifa. Nikaificha barua yako. Siku ya kamati ilikuwa mfukoni mwangu, mdogo wangu. Ulinitazama, ukadhani nakuonea huruma.

Barua yenyewe nimeiweka humu ndani, ina saini yako na tarehe. Nyuma yake nimeandika vipimo vyote viwili na jina langu kamili. Mpelekee mwenzako kwanza, kisha idara. Na usingoje nife ndipo uipeleke, kwa kuniheshimu. Nakujua. Ipeleke Jumatatu, nikiwa hai wa kuitwa na kuulizwa.

Wasalimie shemeji na wanao. Ukitaka kuja kunifokea, njoo asubuhi. Jioni sauti hunikauka, nami sitaki ufoke peke yako.

Ni mimi,
Kaka yako